Dada asikubali, aende CMA
Jamani kuna dada kafukuzwa kazi hotelini kisa mjamzito, aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndo inashughulikia migogoro ya kazi Tanzania) mapema, ana siku 30 tu za kufungua shauri tangu aachishwe, zikipita ndo anaanza kuhangaika kuomba aongezewe muda. Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini na kinataja ujauzito waziwazi, na ulemavu na Ukimwi pia. Mi yalinikuta, supavaiza kaniangalia tumbo weee, ananambia sare haikutoshi tena kapumzike nyumbani, nikasaini karatasi huku nalia, sikujua kumbe nina haki ya likizo ya uzazi siku 84 na mshahara juu. Dada wakikuita usisaini kitu, meseji zao za wasap zitunze zote.