Mradi ukifungwa, tovuti yake itabaki na nani?

Dodoma haikosi miradi ya utafiti. Makutupora wanachunguza zabibu, Hombolo mtama na uwele, Mpwapwa na Kongwa mifugo, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina watafiti wa fani nyingi. Maandiko ya kuomba fedha siku hizi mara nyingi huwa na kifungu kinachoahidi tovuti ya mradi. Kifungu hicho huandikwa mwishoni, kwa haraka, nacho hutengewa fedha kidogo. Matokeo yake ni kwamba aina ya tovuti huamuliwa na fundi aliyepatikana, kwa kufuata alichozoea kutengeneza, na watafiti huletewa kitu kilichokwisha kuamuliwa. Uamuzi huo una uzito kuliko unavyopewa, na pande zake zote mbili zina hoja za kweli.

Upande mmoja kuna tovuti tuli. Kurasa zake huandaliwa mapema, huwekwa kwenye seva (kompyuta inayohudumia tovuti) zikiwa mafaili yaliyokamilika, na msomaji akiomba ukurasa hupelekewa faili lile lile kama lilivyo. Upande wa pili kuna mifumo yenye hifadhidata, yaani ghala la maandishi na taarifa zilizopangwa kwenye seva, maarufu zaidi ikiwa WordPress iliyotoka mwaka 2003, ambayo kwa kawaida huutunga ukurasa pale unapoombwa. Tovuti tuli ndiyo kongwe. Kurasa za mwanzo kabisa za Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1991, zilikuwa mafaili ya namna hiyo, na nakala yake inasomeka hadi leo kwenye kivinjari cha kawaida.

Nianze na hoja ya WordPress, maana ina nguvu kuliko wapenzi wa tovuti tuli wanavyokubali. Chukua mfano wa mradi wa mtama unaofanyika Bahi na Chamwino. Una mtafiti mkuu, watafiti wasaidizi, maafisa ugani, mhasibu, na mtu wa mawasiliano. Siku ya warsha, yeyote kati yao anaweza kuingia kwa nywila yake, akaandika habari, akaweka picha, akabofya kitufe cha kuchapisha. Hahitaji kumpigia mtu simu. Kwa tovuti tuli, mara nyingi habari hiyo hiyo huandikwa kwenye faili la Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), hupitishwa kwenye programu kama Hugo au Jekyll inayozalisha kurasa, kisha hupandishwa kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili. Kazi yenyewe si ngumu ukishaizoea, ila katika mradi anayeizoea huwa mmoja, na mara nyingi ni kijana wa mkataba. Akipata ajira Dar es Salaam, tovuti hubaki na habari ya uzinduzi tu, wakati shambani kazi inaendelea na matokeo yanatoka. Wakulima waliotoa muda wao na mashamba yao hawastahili kufanyiwa hivyo.

Pamoja na hayo, mimi nasimama upande wa tovuti tuli, na sababu yangu ni kile kinachofuata baada ya fedha kuisha. Mradi huwa na miaka 3 au 5, kisha ofisi inafungwa na watu wanatawanyika. WordPress haijui kwamba mradi umekwisha. Bado inahitaji masasisho yake yenyewe, ya kiolezo cha mwonekano, ya kila programu-jalizi (kiongezi kilichopachikwa), na ya PHP, lugha ya programu inayoiendesha, kwenye seva. Asipokuwepo wa kuyafanya, mianya inayojulikana hubaki wazi, na programu za wadukuzi zinazunguka mtandaoni usiku na mchana zikiitafuta mianya hiyo hiyo. Mwisho wake unafahamika kwa yeyote anayesimamia seva za taasisi: ukurasa wa mradi wa afya au kilimo unaanza kutangaza kasino, kwa jina la chuo. Taasisi huuzima. Ripoti zilizokuwa humo, miongozo ya wakulima, hata viungo vilivyotajwa kwenye makala za kitaaluma, vyote vinapotea kwa pamoja. Tovuti tuli haina hifadhidata ya kuvunjwa wala ukurasa wa kuingilia kwa nywila kwenye seva. Inaweza kukaa miaka bila kuguswa, na folda yake ikihamishiwa seva nyingine inafanya kazi vile vile. Umeme ukikatika au intaneti ikisumbua, mtunzaji anaendelea kuihariri kwenye kompyuta mpakato yake, akaipandisha mtandao ukirudi.

Husemwa pia kwamba tovuti tuli ni nyepesi kwa msomaji mwenye bando dogo. Ni kweli nusu. Seva haipotezi muda kutunga ukurasa, lakini picha ya megabaiti 5 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera itamla bando mkulima wa Mvumi bila kujali imetoka kwenye mfumo gani. Picha zipunguzwe, mwongozo uwepo kwa Kiswahili, na PDF iwe ndogo kiasi cha kutumwa WhatsApp, maana huko ndiko itakakosomwa.

Suala la mahali pa kuiweka lina utata zaidi. GitHub Pages, iliyoanza mwaka 2008, hupokea tovuti tuli bure, ikiweka ukomo wa gigabaiti 1 kwa tovuti. Ni msaada mkubwa kwa mradi wenye bajeti finyu. Lakini huduma ya bure ni ya mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili masharti. Kinga nzuri ni jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti: likiwa chini ya jina la taasisi linaloishia na ac.tz, hata mafaili yakihamishwa anwani haibadiliki. Liombwe mapema kitengo cha TEHAMA, kwa jina la taasisi. Jina lililosajiliwa na mtu binafsi kwa kadi yake huondoka naye.

Kuna hatari moja ambayo tovuti tuli inaiongeza. Git hutunza historia. Mtafiti akipandisha kwa bahati mbaya jedwali lenye majina ya kaya, namba za simu au vipimo vya GPS vya nyumba, kulifuta faili hilo kesho yake hakutoshi. Toleo la jana bado lipo, na hazina, yaani mahali Git inapoyaweka mafaili, ikiwa ya wazi mtu yeyote anaweza kulifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za namna hiyo, na watu wenyewe walizitoa kwa kuamini ahadi ya usiri. Kwa hiyo takwimu ghafi zikae nje kabisa ya folda ya tovuti. Zilizoondolewa utambulisho, na ambazo ridhaa inaruhusu kuzitoa, ziende kwenye hifadhi kama Zenodo, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN, ambako hupewa DOI, namba ya kudumu ya kuzitambulisha. Tovuti ibaki na kiungo tu.

Udhaifu ule wa mtu mmoja kushika kila kitu nao una dawa, ila lazima ilipiwe. Andiko la mradi litaje watu wawili, mmoja akiwa mwajiriwa wa kudumu wa taasisi, na litenge siku za mafunzo yao kabla tovuti haijazinduliwa. Maelekezo ya kuihariri yaandikwe kwa Kiswahili na yakae ndani ya folda ile ile.

Pale ambapo mradi unategemea wakulima kutuma taarifa kila siku, tuseme za viwavijeshi au za bei sokoni Kibaigwa, tovuti tuli peke yake haitoshi. Hapo ningechagua mfumo wenye hifadhidata, kwa sharti kwamba bajeti inaonyesha nani ataulinda baada ya mwaka wa mwisho, na siku gani utagandishwa kuwa kurasa tuli asipopatikana.