Handaki la kale la Elbe: waliolisahau ni waliopoteza ustadi wa usukani

Kuna habari inayosema kuwa magari "yalikuwa yakipita tu" katika handaki la kale chini ya mto Elbe, jijini Hamburg, Ujerumani. Haikuwa hivyo. Handaki hilo la 1911, kati ya St. Pauli na Steinwerder, halina mteremko wa kuingilia. Ungehitaji barabara ndefu sana kushuka mita 24, na eneo la bandari halikuwa na nafasi hiyo. Kwa hiyo gari lilishushwa kwa lifti, likavuka mita 426, kisha likapandishwa kwa lifti ng'ambo ya pili.

Ndani ya lifti ulisimama sawasawa katikati, ukazima injini na kuvuta hendibreki. Mlango ulipofunguka chini, hukupaswa kukimbilia gia ya pili. Bomba la handaki lina kipenyo cha mita 6 tu, na njia ya magari imebanwa na kingo za mawe pande zote mbili, upana wake haufiki mita 2. Kosa la kawaida lilikuwa kuangalia ukingo mmoja: jicho linauvuta usukani huko, na ubavu wa tairi unakwaruzika, au rimu. Ulipaswa kutazama mbali mbele na kushika usukani kwa utulivu. Gari la kisasa lenye matairi mapana lilibakiza nafasi ya vidole tu.

Tangu 2019 njia ni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Uamuzi mzuri, kwa kweli: vile vigae vyenye samaki vya ukutani dereva hakuwahi kuvitazama.