Kikveni au Kifini: uzito wa neno moja la sheria

Sheria ya elimu ya Norwei inawapa wanafunzi wa Troms na Finnmark, maeneo ya kaskazini kabisa mwa nchi, wenye asili ya Kikveni na Kifini haki ya kufundishwa "Kikveni au Kifini". Neno ninalotaka kulitazama ni hilo "au". Wakveni, ambao wahenga wao walihamia pwani ya Aktiki kutoka kaskazini mwa Ufini na bonde la mto Torne, hasa katika karne ya 18 na ya 19, walitambuliwa kuwa jamii ya wachache mwaka 1998, na Kikveni kikakubaliwa kuwa lugha inayojitegemea mwaka 2005. Tangu wakati huo wapo wanaosema kwamba hatua hiyo ya pili iliigawa lugha moja, yaani Kifini, vipande viwili na kuwatenga wazungumzaji wachache waliobaki na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka.

Hoja yao si ya kubezwa. Huko Vadsø, mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Wakveni mwaka 1875, wengi waliiita lugha yao Kifini tu. Biblia waliyoisoma ilikuwa ya Kifini, na mikutano ya wafuasi wa Laestadius, mhubiri wa uamsho wa Kilutheri wa karne ya 19, ndiyo iliyoihifadhi lugha hiyo wakati shule ilipoikataa. Jina "kven" lenyewe lilitumika kwa muda mrefu kama neno la dharau, na hadi leo wapo wanaopendelea kuitwa Wafini wa Norwei. Isitoshe, mtoto anayejua Kifini anaelewana na mamilioni ya watu.

Hata hivyo, naona upande wa pili haujaeleweka vizuri. Agizo la mwaka 1898 liliruhusu Kikveni na Kisami, lugha ya Wasami ambao ni wenyeji wa asili wa kaskazini, darasani kama msaada tu, pale ilipokuwa lazima kabisa, na kanuni za ardhi za mwaka 1902 zikataka mnunuzi wa ardhi ya serikali Finnmark awe anajua Kinorwei na anakitumia kila siku. Bibi aliyelelewa chini ya kanuni hizo aliambiwa kwamba lugha yake si ya nchi hii. Kifini kilipoanza kurudi shuleni katika miaka ya 1970, mjukuu wake aliyebahatika kuisikia lugha hiyo nyumbani alikabiliwa na sahihisho la pili. Akitaka kusema "kuingia ndani ya nyumba", alichorithi ni talhoon, ilhali kitabu kinataka taloon. Akitaka kusema "yetu", husema meiđän, na hiyo đ hutamkwa kama dh ya "dhahabu", sauti ambayo Kifini sanifu kimeiacha na kuweka d. Maneno ya Kinorwei na Kisami yaliyoingia katika usemi huo kwa ujirani wa vizazi kadhaa nayo yanahesabiwa kuwa makosa. Kwa hiyo mtoto anaambiwa na Wanorwei kwamba anasema kigeni, kisha anaambiwa na mwalimu wa Kifini kwamba hata hicho kigeni anakikosea.

Hapo ndipo "au" inaponisumbua. Kiunganishi hicho kinaziweka lugha mbili kwenye mizani kana kwamba zina uzito sawa, na mzazi anaachiwa achague. Upande mmoja una dola, vyuo vya ualimu, televisheni na rafu za vitabu vya watoto. Upande mwingine ulipata riwaya yake ya kwanza mwaka 2004, kutoka kwa Alf Nilsen-Børsskog, na sarufi kamili ya Eira Söderholm mwaka 2014, huku kazi kubwa ya kuiendeleza lugha ikitegemea taasisi ndogo katika kijiji cha Pyssyjoki, Porsanger. Mzazi anayechagua Kifini hana kosa lolote. Anachagua kile ambacho mwalimu wake yupo na kitabu chake kipo. Lakini uchaguzi wa namna hiyo ukirudiwa shule hadi shule, Kikveni kinaondoka bila mtu yeyote kukikataza.

Bunge la Norwei liliomba radhi kwa sera za kunorweisha, yaani kuwalazimisha Wakveni na Wasami kuacha lugha zao na kufuata Kinorwei, tarehe 12 Novemba 2024, baada ya ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano ya mwaka 2023. Sidai Kifini kiondolewe Vadsø, kwani nacho ni urithi halali wa pwani ile. Ninachodai ni kwamba serikali iwasomeshe walimu wa Kikveni kwanza, iweke vitabu vyake madarasani, ndipo imuulize mzazi anataka lugha ipi.