Pakiti ya karanga inayoonya kwamba ina karanga

Huku Uingereza ukinunua pakiti ya karanga za chumvi, igeuze nyuma usome orodha ya viambato: "Karanga." Kwa wino mzito. Sheria inataja vyakula 14 vinavyoleta aleji ambavyo lazima vikolezwe wino kwenye orodha hiyo, na karanga ni kimojawapo, hata kama humo ndani hamna kingine ila mafuta na chumvi. Mtu wa kwetu Tanzania akiona mara ya kwanza anacheka. Mara ya kumi inaanza kukera, hasa katika nchi ambayo kikombe cha kahawa nacho kinakuonya kwamba kahawa ni ya moto.

Lakini kuna neno moja halimo kwenye pakiti hiyo: sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu. Halimo kwa sababu kazi yake ilishafanywa kabla karanga hazijafika dukani. Karanga za kuliwa moja kwa moja haziruhusiwi kuzidi mikrogramu 4 za aflatoksini kwa kilo, na ile aina kali zaidi, B1, mwisho mikrogramu 2. Mzigo ukichukuliwa sampuli ukafeli, hauingii sokoni. Basi mlaji wa huku anakula maisha yake yote bila kulijua hata jina la sumu yenyewe, anaonywa tu kuhusu lile ambalo halikuweza kuzuiwa bandarini.

Kwetu kiwango kipo, tena kimeandikwa vizuri: Afrika Mashariki nzima inaruhusu mikrogramu 10 kwa jumla, na 5 za B1. Sasa niambieni, karanga za kisado pale sokoni zimepita maabara ipi? Mahindi ya debe je? Hakuna. Mkaguzi wa mwisho ni macho na vidole vya anayenunua, na ajabu ni kwamba macho hayo tumeyaelekeza kwingine kabisa. Tunaogopa kuku wa kisasa "waliochomwa homoni". Hawachomwi, wanakua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula, na la kuuliza kwa mfugaji ni kama alisubiri siku za dawa ya antibiotiki ziishe mwilini kabla ya kuuza. Tunaogopa mikrowevu. Tunatumiana sauti za dakika tano kuhusu vyakula vya kopo kwa watu ambao hawajanunua kopo tangu Pasaka. Kisha mtu huyo huyo anamnunulia mtoto unga wa lishe wenye vitu vinane, uliosagwa haijulikani lini, na moyo wake umetulia.

Tayari namsikia mmoja: "Kaa huko huko na mikrogramu zako, babu yetu alikula hivyo hivyo akafika miaka 90." Babu alifika, ndiyo. Wale ambao hawakufika hawapo hapa kubishana na sisi. Sumukuvu kwa kawaida haiui kwa siku moja. Inaharibu ini kidogo kidogo, na mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake ya saratani ya ini inazidishwa mara nyingi. Watoto wa siku hizi wanapata chanjo ya virusi hivyo kwenye ratiba ya kawaida. Sisi wakubwa wengi hatukuipata, na bado uji wa karanga tunaunywa. Sumukuvu ikizidi sana ndipo inapoua haraka: Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125. Kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wakageuka macho manjano na matumbo kujaa, na mwanzoni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Ilikuwa sumukuvu, kwenye mahindi.

Na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, tulipiga kelele mitandaoni kwamba ni vita ya kibiashara. Huenda biashara ilikuwemo, sibishi. Katazo lilidumu siku chache tu, likageuzwa kuwa masharti ya cheti cha vipimo. Lakini katika kelele zote zile ni wachache waliouliza swali la pili: mzigo ukigeuzwa mpakani unarudi kuliwa na nani?

Sasa tuingie jikoni, maana kulalamika ni rahisi.

Karanga nunua zikiwa na maganda kama unaweza. Tikisa: iliyokauka inalia ndani ya ganda, mbichi iko kimya. Zilizomenywa zina tatizo ambalo wengi hawalijui. Kumenya kwa mikono kunachosha vidole, kwa hiyo kuna mahali hurashiwa maji kwanza ili ganda lilegee. Maji hayo yanabaki kwenye punje, punje inaingia kwenye kiroba, kiroba kinakaa kwenye joto, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Ukinunua zilizomenywa, shika konzi uiminye: ikiwa baridi na laini, achana nayo hata kama ni ya bei ya kutupa.

Nyumbani zimwage kwenye ungo, juani, uchambue moja moja. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota, zenye rangi ya kijivu, kijani au njano iliyopauka. Halafu kaanga kavu, sugua ngozi itoke, pepeta, kisha chambua mara ya pili. Hii ya pili ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu punje nyingi mbaya zinajificha chini ya ngozi nyekundu. Ukiisugua utaziona zina rangi ya kahawia wakati wenzake ni weupe. Viwanda vya siagi ya karanga hufanya hivyo hivyo, ila wao wana mashine yenye macho. Kukaanga kwenyewe kunapunguza sumu kiasi, hakumalizi. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanachemka kwa nyuzi 100, na aflatoksini inataka zaidi ya 200 ili ivunjike. Kwa hiyo ile "ukipika inakufa" tuiache. Kuvu inakufa. Sumu iliyoiacha haifi.

Na karanga zilizokwisha kusagwa, zile za kwenye kifuko kwa ajili ya mchicha? Usinunue. Sisemi wauzaji wote ni wabaya. Nasema chenga na zilizosinyaa hazina soko zikiwa nzima, kwa hiyo kama zinauzwa, zinauzwa zikiwa unga. Katika kilo moja unaweza kutoa konzi moja au mbili mbovu. Hiyo ndiyo gharama yake yote, pamoja na nusu saa ya kukaa kwenye mkeka.

Mahindi yana mlolongo mrefu zaidi. Sumu inaanzia shambani, hasa mwaka wa ukame, na inaongezeka kila tunapokosea. Kuyaanika juu ya udongo mtupu badala ya turubai. Kuyaacha nje usiku yapate umande. Kuyapiga kwa fimbo kwenye gunia ili yapukuchuke, punje zinapasuka na kila mpasuko ni mlango. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 13 hivi, na nani ana kipimo? Chupa ya kioo yenye mfuniko inatosha kuanzia. Iwe kavu kabisa. Jaza mahindi theluthi moja, tia chumvi vijiko viwili au vitatu vya chakula, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Chumvi isipoganda, yamepita, lakini 15 bado si 13, kwa hiyo yape jua la siku moja zaidi. Wengi wanakosea kwenye chumvi yenyewe: ile iliyokaa wazi jikoni tayari ina maji na itakudanganya, ikaange kwanza ikauke.

Ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, ni mizuri na haihitaji dawa. Ila kila nailoni inasokotwa na kufungwa peke yake, na ukiweka mahindi mabichi humo umejitengenezea mtungi wa kuozesha.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa "chakula cha asili". Dona ni bora kuliko sembe, sawa, ina nyuzinyuzi na vitamini zinazopotea kwenye kukoboa. Lakini sumukuvu nyingi inakaa kwenye kiini na ganda, sehemu hizo hizo zinazoondolewa. Mahindi yakiwa na mashaka, dona inakuletea mzigo wote sahanini, na sembe inaacha sehemu kubwa kwenye pumba. Kwa hiyo dona ya mahindi uliyoyachambua mwenyewe, naam. Dona ya pakiti isiyo na tarehe wala jina la msagaji, eti kwa sababu ni ya kahawia? Hapana. Kabla ya kusaga loweka, koroga, toa yote yanayoelea, kisha anika upya mpaka yakauke kabisa. Ukiruka huko kukauka umeharibu kuliko ulivyookoa.

Na unga wa lishe. Najua nitatukanwa na kina mama wenye biashara hiyo, na wengi wana nia njema. Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, na siku hizi dagaa humo humo. Karanga ikisagwa na nafaka mafuta yake yanalowanisha unga, baada ya wiki chache unakuwa na uchungu fulani, mama anaongeza sukari ili mtoto anywe. Soya kama haikuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, yaani umelipia protini ili isifanye kazi. Na viambato vinane ni milango minane ya kuvu, kwa mtu mwenye kilo nane. Saga nafaka moja au mbili, ya wiki mbili tu. Uji ukikaribia kuiva, koroga humo kijiko cha karanga ulizochambua na kusaga mwenyewe. Siku nyingine yai, siku nyingine dagaa walioondolewa vichwa, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa. Bei yake ni ndogo kuliko ya pakiti yenye picha ya mtoto mnene.

"Maskini hana nafasi ya kuchambua." Hili ndilo pekee linaloninyamazisha kidogo, kwa sababu ni kweli kwamba mwenye njaa ya leo hawazii ini la miaka 20 ijayo. Lakini tazameni anayechambua ni nani. Mzigo mzuri unakwenda kwa mnunuzi mkubwa anayepima, na uliotolewa unauzwa nafuu kwa yule yule asiye na nafasi. Kwa hiyo nusu saa ya mkeka ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Wala msidhani huku ni peponi. Vyakula vya rahisi madukani vimejaa chumvi na sukari, na ile alama nyekundu ya chumvi kwenye pakiti inakwambia tu kwamba chumvi imezidi gramu 1.5 kwa kila gramu 100, haikupikii mbadala. Na ukisoma ushauri wao wa kula vizuri kwa hela kidogo utacheka tena: kunde na maharage makavu, samaki wadogo wenye miiba yao, mboga za majani, nafaka isiyokobolewa. Hiyo ni sahani ya mama ntilie. Wao wanaitafuta, sisi mshahara ukipanda kidogo tunaikimbia, chipsi mayai na soda ya cola ya mililita 350 yenye sukari kama gramu 37. Kisha tunarudi kuogopa mikrowevu.

Hata maharage hayo huku wanayaharibu kwa njia yao. Wanaweka mekundu makavu kwenye jiko la umeme la kupika polepole siku nzima, halafu wanatapika, kwa sababu joto dogo haliui sumu yake ya asili. Lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 angalau. Sisi hilo tunalijua bila kusoma. Tunachokosea ni magadi, yanayolainisha haraka na kuondoka na vitamini B1.

Limebaki swali ambalo najua litaulizwa: zile mbovu tulizotoa, tuwape kuku? Hapana. Wala ng'ombe, sumu inarudi kwenye maziwa, na pumba ya mahindi mabovu ndiyo mbaya zaidi. Wala pombe, kuchachuka hakuisafishi. Zifukieni, au zichomwe mbali na jiko. Ni konzi mbili.