Baba, yule ana ndevu

Mwaka jana mwanangu, darasa la sita, alirudi kutoka mashindano ya shule za msingi ngazi ya kata akiwa ananuka vumbi na hasemi na mtu. Walikuwa wamepigwa nne bila. Matatu kayafunga mtu mmoja.

"Baba, yule ana ndevu."

Nikamwambia mpira ndivyo ulivyo, aende akaoge. Alinitazama kama mtu aliyemshika mwenzake anadanganya, na kweli nilikuwa nadanganya. Nilikuwapo uwanjani. Kijeba, mtu mzima anayechezeshwa na watoto, nilimwona mwenyewe, sauti nzito, anataniana na wauza maembe kama watu wa rika moja.

Usiku nilirudi kitandani kwake. "Ni kweli, mmeonewa." Akalia kidogo, akalala. Tangu siku hiyo naamini wazazi tunaharakisha mno nasaha. Mtoto aliyeonewa anataka kwanza mtu mzima akiri kwamba naye ameona.

Asubuhi akauliza rufaa inakatwaje. Nikamsimulia Serengeti Boys, vijana wetu wa chini ya miaka 17. Walipotolewa na Kongo-Brazzaville kwa goli la ugenini, Tanzania ililalamikia umri wa mchezaji mmoja wa wapinzani. Akatakiwa apimwe MRI, kipimo kinachoangalia mifupa ya kifundo cha mkono imekomaa kiasi gani. Hakutokea. Kongo wakaondolewa, sisi tukaenda fainali za Afrika, Gabon, mwaka 2017. Hapo mwanangu akapiga makofi. Nikamwambia pia kwamba fainali za 2005 tulizikosa kwa sababu mwenye umri mkubwa alikuwa wa kwetu. Hiyo hakuipigia makofi.

Sasa yamefika mlangoni. Wiki hii, kwenye grupu la wazazi, mmoja kapendekeza "tuongeze nguvu": kuna kijana wa kidato cha pili, anaweza kucheza kwa jina la mwanafunzi anayeumwa. Dole gumba zikamiminika, na za kwanza zilitoka kwa waliopiga kelele mwaka jana kuhusu mamluki, wachezaji wa kupachikwa. Mimi mwenyewe, nikiri, nilianza kupiga hesabu ya magoli.

Mwanangu alikuwa anachungulia simu begani kwangu.

"Huyo wetu, naye ana ndevu?"

Nikaandika kwenye grupu kwamba simtaki. Mpaka sasa hakuna aliyejibu, isipokuwa mweka hazina, kakumbushia mchango wa jezi.