Chaji 78, Gari Maiti

Foleni ya magari ya feri Likoni unaijua, saa saba mchana, jua la kukaanga mtu na hakuna anayesogea. Tulikuwa mimi na mjomba tunaenda harusini Ukunda na kigari changu cha umeme, chaji asilimia 78, raha mustarehe. Nikazima, nikashuka kutafuta maji baridi. Mjomba akabaki, na mjomba akibaki peke yake na kitu chenye vitufe ujue kuna habari.

Alitaka mpira. Akabonyeza kitufe bila kukanyaga breki, redio ikaja, feni ikapuliza, na mataa ya hazadi sijui aliyawashia nini.

Sasa kuna kitu wauza magari hawakwambii, wao ni "haina oili, haina plagi, haina sevisi, wewe chaji tu bosi." Kumbe mbali na lile betri kubwa huko chini ya viti, lenye volti mia tatu na kitu, kuna kijibetri cha asidi cha volti 12, kile kile cha gari yoyote, na hicho ndicho kinaamsha kompyuta na kuunganisha lile kubwa. Na kwa gari kama hii yangu, isipowashwa mpaka ikawa tayari kutembea, kubwa halikichaji hicho kidogo, mnasikiza mpira kwa moto wa hicho kidogo tu. Kikifa, lile kubwa hata lijae pomoni ni mzigo umebeba. Changu kilikuja na gari kutoka Japani, uzee wake anajua Mungu.

Narudi, geti limefunguliwa, dashibodi nyeusi ti.

"Mpwa wangu, mpira umekatika."

Honi nyuma hadi masikio yanauma. Vijana wakaja kusukuma, gari haisogei hata inchi, gia iko P, ile ya kuegesha, na kuitoa P kunataka umeme, umeme wenyewe ndio huo hakuna. Mmoja ananiambia "weka ya pili bro, achia klachi." Klachi ipi? Nikafungua boneti, vichwa sita vikaingia kabla ya changu, "injini iko wapi?" Mzee mmoja wa mkokoteni akatoa hukumu kwamba hii imeisha petroli, na mjomba, wallahi, akaitikia, "Nilimwambia mimi!"

Aliyetuokoa ni dereva wa tuktuk aliyekuwa na waya za kujampia. Terminali zimeota unga wa kijani na mweupe, akazikwangua kwa ufunguo huku anasonya, akabana waya. Tuktuk ikatetema pale inapumulia gari ya umeme, watu wametoa simu wanarekodi. Nikakanyaga breki, nikabonyeza, kijitaa cha kijani kikaja, asilimia ile ile 78.

"Washa basi!"

"Ishawaka."

"Haijawaka bana, mbona haingurumi?"

Akakataa katakata kutoa waya mpaka asikie injini. Nikashuka nikazichomoa mwenyewe, nikarudi, nikakanyaga breki, nikatoa P nikaweka D ya kwenda mbele, nikaachia breki, ikateleza mbele kimya kimya, na mama muuza viazi karai akaruka na karai lake, "Yarabi, yaenda yenyewe!"

Wa tuktuk nikampa mia tano. Kabla sijapandisha kioo, mzee wa mkokoteni huyo dirishani.

"Na yangu ya ushauri?"

Mjomba akampa mia, tena akashukuru sana. Aliichomoa kwenye bahasha yangu ya kutunza bibi harusi.