Kiharusi cha kugeuza shingo: nani apelekwe chumba cha upasuaji?

Mwaka 1978 daktari Sorensen aliandika habari za mtu aliyepatwa na kiharusi akiwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde, na tangu hapo tatizo hili limebeba jina la kiharusi cha mpiga upinde. Jina hilo linafanya lionekane kuwa jambo la mbali, ilhali linaweza kumpata dereva anayegeuka kutazama nyuma anaporudisha gari, au mzee anayegeuza uso kulia kutoa salamu ya mwisho wa swala, mara akaona ukuta wa msikiti unazunguka. Akirudisha uso mbele, hali inatulia baada ya sekunde chache. Hospitali atapimwa presha na sukari, pengine na malaria, kisha ataambiwa akapumzike.

Chanzo chenyewe kinajulikana vizuri. Ateri mbili za vetebra hupanda kwenda kwenye ubongo wa nyuma zikipitia matundu ya pingili za shingo. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hutokea kati ya pingili ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo ateri huvutwa na kubanwa mara nyingi zaidi, kwa kawaida ile iliyo upande wa pili wa uso unakoelekea. Watu wengi hawapati dhara lolote kwa sababu ateri iliyobaki hufidia. Hatari huja pale ambapo hiyo iliyobaki ni nyembamba tangu kuzaliwa au haifiki kwenye makutano ya ateri hizo mbili.

Wanaotetea upasuaji wana hoja nzito. Hakuna kidonge kinachoondoa mfupa unaobana, na ateri inayosuguliwa mara kwa mara huweza kuchubuka ndani, damu ikaganda na kipande kikaenda kuziba mshipa wa ubongo mdogo. Kwa watoto, hasa wavulana, viharusi vya aina hii vimeonekana kujirudia licha ya dawa. Kuunganisha pingili ya kwanza na ya pili kwa skrubu humaliza mbano huo moja kwa moja.

Upande wa pili, wa kola ya shingo, dawa za kuzuia damu kuganda, na kumfundisha mgonjwa asigeuze shingo hadi mwisho, huchukuliwa kama tiba ya asiye na fedha au ya daktari mwoga. Nadhani hapo unaonewa. Madaktari wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2013 habari za wagonjwa 21 waliothibitishwa kuwa ateri zao huziba wanapogeuza shingo. Kati yao 19 walitibiwa bila kupasuliwa, wakafuatiliwa, nusu yao kwa zaidi ya miaka mitatu, na hakuna hata mmoja aliyepata kiharusi cha ubongo wa nyuma. Wanne walisema dalili zao zimekwisha kabisa.

Sifuri hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana ni rahisi kuipa uzito isioubeba. Tuseme hatari ya kweli ni mgonjwa mmoja kati ya kumi: bado kungekuwa na uwezekano wa asilimia 13 hivi wa kuwafuatilia watu 19 bila kuona kiharusi hata kimoja, hivyo takwimu hii haithibitishi usalama. Lakini kama hatari ingekuwa mmoja kati ya wanne, uwezekano wa kupata sifuri usingefika hata asilimia moja. Kwa hiyo inachokanusha ni ile hofu kwamba kila anayepata kizunguzungu cha namna hii anakisubiri kiharusi, na hofu hiyo ndiyo inayowasukuma watu kwenye meza ya upasuaji. Ni kweli kwamba hao 19 huenda walikuwa wagonjwa wenye nafuu. Lakini ripoti za upasuaji nazo hutoka kwa wapasuaji, ambao hupelekewa walioathirika zaidi, na upasuaji uliofaulu huandikwa upesi kuliko ulioshindwa.

Gharama ya skrubu nayo ni ya kudumu. Aliyeunganishwa pingili hizo mbili hupoteza karibu nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa, na dereva wa daladala anajua hilo lina maana gani katika kazi yake. Kuipanulia ateri nafasi bila kuunganisha mifupa humwachia mgonjwa mzunguko wake, ila mbano huweza kurudi.

Yote haya yanategemea utambuzi sahihi. Picha ya CT au MRI iliyopigwa kichwa kikiwa kimenyooka inaweza kuonyesha ateri zilizo wazi kabisa. Kipimo kinachotegemewa ni angiografia, ambapo dawa ya rangi huingizwa kwenye ateri na kichwa kugeuzwa taratibu mgonjwa akiwa macho. Lakini kipimo hicho nacho kina hatari yake ndogo ya kusababisha kiharusi, hivyo ni busara kutanguliza cha mawimbi ya sauti. Na ateri kubanwa peke yake hakutoshi. Dalili zitokee wakati uleule damu inapopungua. Kabla ya mashine yoyote, mgonjwa akalishwe kwenye kiti kinachozunguka, ageuzwe mwili mzima pamoja na kichwa. Ikiwa kizunguzungu hakiji hapo, lakini kinakuja kila shingo inapogeuzwa kiwiliwili kikiwa kimetulia, tatizo linaelekea kuwa shingoni. Kikimjia anapojigeuza kitandani, sikio la ndani lichunguzwe kwanza.

Asiye na kiharusi aanzie kwenye kola na dawa, apimwe tena baada ya miezi michache. Wa kupelekwa kwa mpasuaji ni mgonjwa aliyekwisha kupata kiharusi cha ubongo wa nyuma, mtoto ambaye viharusi vinamrudia, na yule ambaye kola imeshindwa kumsaidia. Na mwenye kinundu cha mfupa kinachobana ateri chini ya pingili ya pili ana hesabu tofauti na wote hao: kinundu hicho huweza kuondolewa bila kumpotezea sehemu kubwa ya mzunguko wa shingo, na huyo sioni sababu ya kumsubirisha.